Laini Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Uji saa moja. Vijiko sita, cha saba amekitema. Shuka nimebadilisha. Upepo umeanza mapema leo, vumbi mpaka kwenye bakuli la sukari. Hivyo ndivyo Same ilivyo kabla ya mvua.

Nimemsomea Baba ukurasa wa nne wa kijitabu. Ndicho kitu pekee anachokisikiliza. Biblia inamsinziza. Redio anasema inampigia kelele. Lakini historia ya kiwanda cha Wajerumani cha treni za kuchezea, hapo anageuza uso wake usioona kuelekea sauti yangu na kutulia.

Kijitabu kilikuja kwenye sanduku pamoja na treni yenyewe: kichwa kimoja cheusi, mabehewa matatu, reli za kuunganisha, na transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Mhandisi wa Kijerumani alimwachia Baba alipokuwa anarudi kwao, enzi Baba ni stesheni masta. Haijawahi kutembea hata siku moja. Sanduku lilikaa juu ya kabati miaka yote. Likizo moja, nikiwa darasa la saba, niliwahi kuligusa, nikapigwa kibao. Ndicho kibao pekee alichonipiga maishani, na shavu bado linakikumbuka.

Kijerumani sijui. Naelekeza simu kwenye ukurasa, nayo inaleta Kiswahili. Kiswahili chenyewe ningekijaza wino mwekundu kila mstari.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe kiwanda hakikuanza na treni. Kilianza na fundi bati aliyetengeneza vijisufuria na vijijiko vya wanasesere. Fundi akafa. Mjane wake akabaki na kila kitu mabegani. Hata mume alipokuwa hai, yeye ndiye aliyezunguka mji hadi mji na sanduku la mifano, akiuza, zama ambazo mwanamke wa heshima hakutakiwa kusafiri peke yake. Watoto wake ndio waliokuja na treni, na werevu wao ulikuwa huu: waliiuza kidogokidogo. Mwaka huu duara la reli, mwaka ujao behewa, mwaka mwingine daraja. Mtoto hamalizi kutamani.

Baba akasema, "Huyo mjane ni mama yako."

Nikafunga kijitabu. Miaka mingi hajamtaja Mama. Mama aliuza chai ya tangawizi na ndizi kwenye madirisha ya mabehewa, tangawizi ya kwao Mamba, mlimani, na Baba akiwa amevaa kofia yake ya kazi alipita jirani naye bila salamu. Eti kazini hakuna mke. Leo ndipo anamwona. Nilikasirika. Nikaenda kufua.

Jumamosi, 8 Machi

Mbonea, mdogo wangu, ameshuka kutoka Mamba kwa bodaboda na kiroba cha tangawizi. Amemtazama Baba, akanivuta uani. Tujiandae, anasema. Halafu akaongeza, "Dada, kama utamsamehe, msamehe angali anasikia."

Kwake ni rahisi. Siku ile yeye alikuwa mgongoni kwangu, amelala.

Naiandika siku ile, maana sijawahi. Mama alishikwa na tumbo. Tukampandisha treni ya abiria apelekwe hospitali Moshi. Treni haikuondoka. Baba ndiye aliyekuwa zamu, na laini klia ilikuwa haijaja. Hiyo ni karatasi ya ruhusa. Stesheni masta akishahakikishiwa na stesheni ya mbele kwamba reli ni nyeupe, anaiandika na kumkabidhi dereva. Bila hiyo treni haitoki, hata akiwemo waziri. Simu ya stesheni ya mbele ilikuwa imekufa. Abiria wakapiga kelele kwamba upande ule hakuna treni, ni simu tu mbovu. Nilimkimbilia Baba, nikamshika koti, nikamwomba apeperushe bendera. Hakunitazama. Mama alifia kwenye benchi la behewa, treni imesimama, miguu yake nimeishika mimi.

Kati ya Mama na karatasi, Baba alichagua karatasi. Namwosha, namlisha, namgeuza. Sijamsamehe.

Jumanne, 11 Machi

Nimefanya kosa la kijinga.

Kurasa za mwisho za kijitabu ni maelekezo ya kupanga reli. Nilisoma ili sauti tu iendelee. Chini ya picha moja simu iliandika "laini kulia". Chini ya nyingine, "laini kushoto". Nikasoma hivyohivyo.

Baba akaketi. Mtu ambaye wiki mbili hajainua kichwa kwenye mto.

"Laini klia? Nani kaileta?"

Nikamwambia ni kulia, Baba, mkono wa kulia. Wapi! Amenyoosha kiganja, anasubiri karatasi. Nikatazama picha vizuri: ni pale reli inapogawanyika, tawi moja likaenda kulia. Nadhani Wajerumani wana neno moja la mahali hapo na la kitu laini, kisicho kigumu, na simu ikachukua lisilo lake. Miaka thelathini nimefundisha watoto wasome kwa kuelewa.

Jioni kiganja bado kiko wazi juu ya blanketi. Uji amekataa. Anasema treni imeshikwa na ndani kuna watu.

Jumatano, 12 Machi

Hali kitu. Maji ni kwa kulowesha midomo tu.

Nimejaribu kumdanganya. Nimemwambia laini klia imekuja, aruhusu. Akauliza, "Namba?" Sikuwa na namba. Akageukia ukutani.

Hata kufa anataka afe kwa kanuni. Nimelia jikoni, na ilikuwa hasira, si huzuni. Kesho naipeleka hiyo treni kwa fundi. Aisikie ikiondoka, yaishe.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi Shabani, anayetengeneza redio pale sokoni, aliipokea kama mtu anayepokea kichanga. Akaniuliza mara mbili kama kweli haijawahi kutembea. Waya wa transfoma umekakamaa, mafuta ya gurudumu yameganda, basi. Amenionyesha vitone vidogo katikati ya reli, ndimo umeme unamopita. Waliotengeneza hiki, alisema, hawakuwa na haraka.

Halafu akainua kadibodi iliyokuwa chini ya transfoma. "Mwalimu Nakundwa, na hii karatasi?"

Kipande cha laini klia, kile kinachobaki kwenye kitabu cha stesheni. Namba 417. Imepokelewa 15.10, saa za reli. Nyuma kuna mwandiko wa Baba, herufi zimesimama wima:

Mama Nakundwa amefariki 14.40.
Mizigo imeingia 15.02.

Basi. Hakuna kingine.

Nilikaa kwenye kigoda cha fundi mpaka akaniletea maji. Treni ya mizigo ilikuwa njiani. Wakati wote ule ilikuwa njiani, kwenye reli hiyohiyo moja, inakuja. Sikuisikia ikiingia. Saa hizo tulikuwa tumemlaza Mama nyumbani kota na wanawake wanapiga yowe. Wiki iliyofuata nikapelekwa Mamba kwa bibi, na hakuna aliyeniambia kitu. Baba naye alikuwa na mdomo, kwa nini hakusema?

Angepeperusha bendera nilipomwomba, mimi ningekuwa ndani ya behewa lile. Na Mbonea mgongoni.

Kibao kile hakikuwa cha treni. Kilikuwa cha karatasi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempigia Mbonea simu jana, akashuka leo asubuhi. Nimempa karatasi asome. Aliisoma, akatoka nje, akakaa huko muda.

Tumesogeza meza hadi kitandani. Reli tumezipanga duara, maana vipande vya kugawanya njia vimetushinda. Nikakaa upande wa sikio la Baba lililo zima. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, sikuwa na nyingine.

"Laini klia, Baba."

"Namba?"

"Mia nne na kumi na saba. Kutoka Same. Njia nyeupe. Mizigo imeingia."

"Saa?"

"Kumi na tano na dakika mbili."

Nikamwekea karatasi kiganjani. Vidole viliizunguka, vikaifuata kona zote nne.

"Mlikuwemo," akasema. "Wewe na mdogo wako."

"Tulikuwemo, Baba."

"Ningekuambiaje? Uligoma hata kuniamkia."

Ni kweli. Niligoma. Mtoto wa darasa la sita, nikamnyima shikamoo mwaka mzima kila alipopanda Mamba, na baadaye nikaitoa kama mtu anayetema. Hilo nilikuwa nimelisahau. Yeye hakulisahau.

Nikamwambia, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akainua mkono, mkono mtupu, akaupunga mara moja. "Haya. Iende."

Mbonea akazungusha swichi ya transfoma. Treni ikasita, ikanguruma, ikatoka. Sauti yake ni ndogo kuliko nilivyodhani. Baba aliifuata kwa kichwa, duara baada ya duara. Midomo ilikuwa inacheza. Nadhani alikuwa anataja stesheni.

Uji vijiko vinane.

Jumatatu, 17 Machi

Kijitabu kinaishia enzi za neema. Kinasema wakati wa vita treni zilisimama na mashine zikafanya kazi za vita, halafu wakarudi kwenye treni. Habari za baadaye nimezitafuta kwenye simu. Watoto waliacha kucheza treni. Kiwanda kikayumba, wenyewe wakakiuza, kikakaribia kufungwa kabisa, mwisho wakakichukua watu wengine wa kazi hiyohiyo ya vitu vya kuchezea. Kipo mpaka leo. Wateja wake wengi sasa ni wazee.

Baba ameona hilo ni sawa kabisa. "Mtoto angeiharibu," amesema. Nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka chumba hiki.

Nimemwambia reli yetu nayo ililala miaka, ikaamka. Akasema anajua, huwa anaisikia kwenye godoro.

Ameomba nirudie ukurasa wa mjane. Nimeurudia. Akasema ilimpasa kumsalimia Mama. Akasema chai ilikuwa nzuri, na kila siku aliinywa akiwa amefunga mlango wa ofisi.

Jumatano, 19 Machi

Baba amefariki saa mbili na robo asubuhi. Nilikuwa namfuta uso. Nimetazama saa kwanza, ndipo nikalia. Angeridhika.

Jumamosi, 22 Machi

Tumemzika Mamba, ubavuni kwa Mama. Njia ya mlimani ilikuwa kavu, tunashukuru. Kwaya ya usharika imeimba vizuri, mchungaji hakurefusha.

Kabla jeneza halijafungwa nilitia karatasi kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Nilikuwa nimeiandika jana kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Laini klia. Kutoka Same. Kwenda Mamba. Njia nyeupe. Najua hakuna reli inayopanda huku.

Mbonea aliniona. Nilidhani atasema ni mambo ya kitoto, watu wako nje wanasubiri. Akaitoa, akaisoma, akatafuta kalamu mfukoni mwake.

"Dada, umesahau saa."

Nikaiandika. 10.25.

Jumanne, 25 Machi

Uji nimepika wa watu wawili. Mazoea.

Mvua ya kwanza, ndogo, ya kutuliza vumbi tu. Godoro nimelitoa, nikalirudisha ndani. Sasa nalala mimi chumba kile.

Karatasi namba 417 nimeirudisha chini ya transfoma, mahali pake. Mchana treni ya kweli ilipita, nikaweka kiganja kwenye godoro. Kweli inasikika.

Treni ndogo iko mezani. Nimeifuta na kuizungusha mara tatu. Sanduku sijalifunga.