Nani Amsemee Lemuel Gaddy?

Ijumaa, 9 Januari

Shuka limeshatundikwa ukutani. Projekta imepata moto na inanuka vumbi. Chumba changu hapa Najma, mtaa wa wageni katika nchi hii ya Kiarabu, ni kidogo, ila Ijumaa, siku ya mapumziko huku, kinameza watu. Wametoka ibada makanisani Mesaimeer, bado wamevaa za kanisani. Njeri, nesi, na mandazi yake. Madereva wawili. Walinzi. Na Wasswa wa Masaka, ambaye wiki nzima hufungua mlango wa hoteli kubwa West Bay, na Ijumaa husemea filamu zangu.

Kusemea ndiyo kazi aliyoifanya kwao Uganda, katika kibanda cha video. Sauti ya filamu inashushwa, yeye anashika kipaza sauti na kusema badala ya kila mtu: bibi harusi, jambazi, hata farasi. Anatia chumvi kwa kijiko kikubwa. Watu hucheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Mimi sicheki sana. Lakini ndiyo siku pekee mtu mwingine anaketi kitandani kwangu.

Wiki ijayo ni zamu ya mwigizaji Lemuel Gaddy. Hapo hatutacheka.

Jumapili, 11 Januari

Kazini kutwa, nikinyoosha Kiingereza cha barua za kampuni ya mizigo. Jioni nimesoma tena yote niliyonayo juu ya Gaddy.

Mwana wa mchungaji mweusi, kusini mwa Marekani. Sauti nzito. Alitaka kuigiza wafalme jukwaani. Alifika Hollywood akiwa kijana, wakampa sinia. Miaka thelathini: mpagazi wa treni, mpishi, mfungua mlango. Mara moja walimvika ngozi ya chui awe chifu wa Afrika, akabwabwaja lugha isiyo ya mtu yeyote. Jina lake huja mwisho wa orodha, au haliji kabisa. Alifia nyumba ya kupanga. Gazeti lililotangaza kifo chake lilimtaja kwa jina la mtumishi aliyemwigiza.

Nina hasira na waliomfanyia hivyo. Nina hasira zaidi na yeye. Angekataa! Nitayasema Ijumaa bila kupaka mafuta. Nilipokuwa na safu gazetini Nairobi niliwaambia mawaziri makali kuliko hayo.

Jumatano, 14 Januari

Nimempigia Wasswa. Ijumaa hakuna kusemea. Gaddy asikike mwenyewe, na aibu yake yote.

"Mwalimu, watu watalala." Huniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki.

Nikasema walale.

"Sasa mimi nitafanya nini?"

Nikamwambia asikilize kama wengine. Akacheka, akasema ndiyo, ssebo, "bwana" ya kwao. Ametii. Vizuri.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeharibu.

Kiingereza cha zamani, sauti inakwaruza. Dereva mmoja alikoroma mapema. Kisha Gaddy akafungua mlango wa jumba, tajiri akamtupia kofia bila kumtazama, Gaddy akainama. Wasswa akashindwa kujizuia. Akiwa pale sakafuni, bila kipaza sauti: "Bwana, kofia hii inanuka. Nifue kofia au nifue kichwa?"

Chumba kizima kikaamka kwa kicheko. Nikasimamisha filamu, nikasimama mbele ya shuka, mwanga wote usoni, siwaoni. Nikahutubu. Nilisema anayefunika aibu kwa mzaha ni mshirika wa aibu. Nilisema mtu anayemaliza maisha akiwafungulia wengine mlango na kuinama si msanii, ni samani.

Nilidhani kimya kile ni cha kunielewa.

"Mwalimu, inatosha," Njeri akasema.

Wasswa alikuwa anavaa viatu. Akasema kwa upole kabisa: "Basi samani inakwenda zamu." Akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja na udhuru wake. Mandazi yamebaki.

Nilikuwa namsema Gaddy. Naapa nilikuwa namsema Gaddy.

Jumatatu, 19 Januari

Wasswa hapokei simu. Ujumbe ameusoma, alama za buluu zinanitazama. Nimeandika utetezi wangu. Hoja zimenyooka, hakuna pa kushika. Nimeusoma kwa sauti, nikasikia ninavyosikika chumbani nikiwa peke yangu.

Njeri kanitumia ujumbe wa sauti: "Usinitume kukupatanisha. Miguu unayo."

Jumanne, 20 Januari

Nimekwenda hotelini kwa Wasswa. Koti refu jekundu, vifungo vya shaba, kofia. Sijawahi kumwona amevaa hivyo. Miaka yote hii sikuwahi kufika.

Akanifungulia mlango. Akanikaribisha kwa Kiingereza cha hoteli, na tabasamu la kila mgeni. Nikamwita jina. Akanielekeza mapokezi, mkono wa kulia. Nyuma yangu familia yenye masanduku ilikuwa inasukuma. Nikaingia. Nikaketi kwenye kochi jeupe, sina ninachongoja, baridi ya kiyoyozi inanipenya mifupani. Kutoka pale nilimwona akifungua, akiinama, akifungua. Hakuna aliyemtazama.

Nilipotoka alifungua tena. Midomo haikusogea sana: "Mwalimu, niko kazini. Kamera zinaniona."

Kisha: "Ijumaa msinisubiri. Vijana wa kwetu Industrial Area wananitaka kambini kwao."

Akasema "msinisubiri". Kana kwamba mimi ni wengi.

Ijumaa, 23 Januari

Nilitundika shuka. Hakuja mtu. Njeri yuko zamu, wengine hawakusema.

Nikamwasha Gaddy, nikazima sauti, nikajaribu kumsemea. Mdomo wake unasogea kidogo tu, nami nikamjaza hotuba. Alishafunga mlango na kuondoka, mimi bado nahutubu. Hata kinywani mwa marehemu nimeandika safu yangu.

Nikazima.

Ijumaa, 30 Januari

Industrial Area, kwenye kambi za vibarua. Nimepanda basi, nimeuliza njia kwa walinzi, nimefika katikati ya filamu. Vitanda vya ghorofa, watu hadi juu, nguo zilizofuliwa zimesukumwa pembeni ili ukuta uonekane. Nikaketi mlangoni, kwenye viatu. Hakuna anayenijua.

Ilikuwa ile ile ya Gaddy. Nilimpa Wasswa nakala mwenyewe zamani.

Tajiri akaingia akifoka. Wasswa akampa sauti yangu: kikohozi changu, kidole changu. "Ndugu zangu! Mimi nimesoma! Hamjui kitu!" Vitanda vilitikisika kwa kicheko. Hawakujua wanamcheka nani. Nami nikacheka, masikio yakiwaka moto.

Gaddy akapokea kofia. Akainama. Wasswa akashusha sauti, ikawa nzito, ya taratibu, ya mtu mwenye nyumba.

"Umesoma, bwana. Sasa keti ule. Tangu asubuhi uko peke yako."

Mmoja tu alicheka. Sijui kama Wasswa alikuwa ameshaniona.

Taa zilipowashwa alikuwa anakunja waya. Akawaambia wa kitanda cha chini: "Msogee huko, mzee apate nafasi." Wakasogea. Mtu akaniwekea sahani ya wali mapajani.

Nikala.