Jino Langu Limeondoka na Kaka

Mama,

Asubuhi nilikuwa nakunywa maji kwa kikombe cha bati, Kaka akanipiga kiwiko kwa utani. Jino la mbele likakatika nusu. Kutwa nzima shuleni nimefumba mdomo, mwalimu akiniuliza natikisa kichwa tu.

Jioni Shangazi kanipeleka kwa daktari wa meno. Daktari kasema, "Kipande chako mwenyewe nakigandisha, hata mtu hajui. Kiko wapi?" Kaka alikitia kwenye mfuko wa shati lake la kazi, "nikutunzie, kibogoyo wangu," akaondoka nacho. Leo analala hukohuko kazini, na unamjua, akivua shati tu analiloweka.

Kikombe cha maziwa kilichofunikwa kwenye friji usinywe. Daktari kasema kipande kikipatikana kikae humo.

Chakula chako kiko kwenye sufuria ndogo. Usimgombeze Kaka. ~~Mgombeze kidogo.~~ Ukiingia chumbani usiwashe taa, sitaki unione hivi.

Nimemtumia ujumbe: "Kaka, usifue lile shati." Simu naiweka hapa juu ya karatasi, ikilia niamshe. Mpaka sasa hajajibu.

Kitindamimba wako