Kompresa Inayokwaruza

Mjukuu wangu Kiprono,

Huku Langas tuko salama. Mahindi yameshika vizuri, na nyanya yako yuko jikoni anapika chai.

Unauliza kwa nini kompresa yako, hiyo mashine ya kusawazisha sauti, inakwaruza sauti ya mwimbaji hata baada ya kubadilisha valvu, zile taa zake za kioo. Kwani unaipimaje?

Nikiwa kijana nilisimamia amplifaya ya valvu kanisani. Tulikuwa tunapima maikrofoni kwa "haloo, haloo" ya upole. Kisha msichana mmoja wa Chepsaita, aliyezoea kuita watu walio ng'ambo ya shamba, akaanzisha wimbo na spika zikakwaruza. Wazee wakamwambia apunguze sauti. Akaweka maikrofoni chini, akasema haimbi tena.

Nilimbembeleza arudi siku ya mazoezi, aimbe vile anavyoimba kweli. Alipoimba, nikapunguza sauti inayoingia kwenye mashine mpaka ikatulia. Valvu hazikuwa na shida yoyote.

Wewe pia, mwache mwimbaji wako aimbe kwa nguvu zake zote, ndipo upime. Usimpunguze yeye.

Wacha nikomee hapa. Yule msichana ananiita kwa chai, na Langas nzima imesikia.

Babu yako