Kopo la Pilipili Lililochelewa

Nyumbani,
Jumapili, mvua imekatika sasa hivi.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na wanangu, bado wanakohoa au wameshaizoea baridi ya huko? Sisi wazima, tunagombana kidogo na kupatana. Baba goti linamsumbua, lakini mdomo uko salama. Ninakuandikia nimekalia kile kigoda kibovu, mlango wa jikoni uko wazi, na maji yanadondoka kutoka paani taratibu, mpaka nasahau nilichotaka kusema.

Najua unachongoja. Kopo la pilipili la Mama halijafika mwaka huu, nawe umeuliza kwa upole, kisha ukauliza bila upole. Usiwalaumu watu wa posta. Kopo halikutumwa. Nivumilie, nitafika huko. Hamkuniita Chiriku bure.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaanga pilipili kavu? Mama hakai jikoni hata siku moja. Yuko sebuleni kwenye cherehani yake, anashona nguo za watu, na sisi tunageuza pilipili kwenye kikaango kisicho na mafuta, tunangoja. Harufu inapita kwenye pazia, inamfikia, naye anaita neno moja tu: "Toa." Hawahi, hachelewi. Mimi nilikua nikidhani pilipili za dunia nzima huiva kwa amri ya mama aliye chumba cha pili.

Basi, baada ya ile homa tuliyokuandikia, Mama alipona, akarudi kwenye cherehani. Ila chakula akawa anakidonoa tu. Anakigeuzageuza kwenye sahani, anasema ameshiba chai. Magauni yake mwenyewe akawa anayapunguza kimyakimya, nasi tukadhani ni ya wateja. Nilikuwa na hofu, Dada. Nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo.

Ikafika siku ya kukaanga pilipili za kopo lako. Nikawasha jiko, nikazimwaga, nikageuza, nikangoja. Asubuhi ilikuwa tulivu. Jua limeingia dirishani, moshi mwembamba unacheza ndani ya mwanga, nami nikazama kwenye moshi ule. Nikakuona wewe umevaa sare ya shule, unapiga chafya na kucheka, unapiga chafya na kucheka. Cherehani inalia tu sebuleni. Pilipili zikawa za kahawia, zikawa nyeusi. Niliona kwa macho yangu kwamba zinaungua, lakini sikuzitoa, kwa sababu hakuna aliyesema toa. Ndivyo tulivyolelewa.

Baba alitoka uani anakohoa. Jirani yetu mwalimu akakimbilia nje na kitambaa puani. Ule msemo wa pilipili usiyoila yakuwashiani, siku hiyo haukumfaa kitu. Mama alikuja wa mwisho, macho yanamtiririka machozi. Akakitazama kikaango, akanitazama mimi, kisha akaketi sakafuni.

"Sisikii harufu, mwanangu," akasema. "Tangu ile homa. Sabuni sisikii, mvua sisikii. Chakula nakitafuna kama karatasi."

Yeye aliyekuwa akituonya kwamba mficha maradhi kilio humfichua, ndiye aliyeficha. Nilitaka kumgombeza, nikajikuta nimemkumbatia, nalia. Alisema kopo lako ndiyo basi tena, pilipili asiyoweza kuinusa hawezi kumpelekea mtoto wake. Daktari anasema huenda harufu ikarudi, huenda isirudi. Tumpe chakula na tuwe na subira. Subira tunayo. Chakula ndicho kilichokuwa hakipiti.

Siku moja nikanunua pilipili hoho nyekundu. Sikuwa na mpango wowote, nilipenda rangi tu. Nikazilaza juu ya makaa, nikamwita Mama akae nami jikoni kwenyewe. Alikuja shingo upande. Ganda likaanza kutokota na kupasuka, na Mama, aliyekuwa amefumba macho, akainua kidole. "Inalia," akasema. "Geuza." Nikageuza, ikalia upande wa pili. Tukakaa hivyo, sote wawili macho tumefumba kama watu walio ndotoni, tunasikiliza mboga. Sijui tulikaa kiasi gani. Zilipoungua ganda lote tukazifunika kwenye bakuli zitoe jasho, kisha yeye akazimenya, maana vidole vyake havikuugua. Nikazitwanga na kitunguu saumu na chumvi, nikaongeza pilipili ya unga, mkono ukaniteleza, ikamwagika nyingi.

Mama akachovya mkate. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Inawasha," akasema polepole, kama mtu anayemtambua mgeni mlangoni. "Chiriku, inawasha. Nipe tena."

Alimaliza bakuli. Ladha nyingine hana, lakini ukali anaupata, na ukali huo umemrudishia hamu. Sasa kila siku anadai kinachowasha. Baba anatokwa na machozi mezani na hathubutu kulalamika. Mashavu ya Mama yanarudi, na juzi nimemkuta anafumua gauni lake alipanue. Nilipita kama sijaona, nikaenda kucheka uani.

Pilipili zako tumezikaanga upya. Safari hii aliketi kando ya kikaango, sikio ameliinamisha, anasikiliza mbegu zinavyodunda. Sauti ilipobadilika akasema, "Toa," nami nikatoa. Tukazisaga na bizari nyembamba. Mimi ndiye niliyenusa. Naona ni yenyewe, ila pua yangu bado ni ya mwanafunzi. Kopo linaondoka pamoja na barua hii.

Msalimie sana Shemeji, wabusu wanangu. Baba anawasalimu, na mwalimu pia, anayekohoa mpaka leo kila akiniona, kwa makusudi. Mungu awafunike mikononi mwake na awarudishe kwetu mkiwa na afya.

Nimebakiza la Mama. Alipokuwa akikifunga kifuniko, alilishika kopo puani kitambo, akalishusha, akaniambia: "Mwambie asikimbilie kupika. Afungue, anuse, halafu aniandikie inanukiaje. Aandike kwa kirefu, nataka kukaa nayo."

Mimi nikupendaye, ninayenusa kwa niaba yake,
mdogo wako,
Chiriku