Yaya, na Sashe Unalalaka Namna Gani?

Dzaleka, Dowa
Tarehe 14 Juni 2025

Mupendwa Yaya Antoinette, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Habari ya Bukavu? Mafua ya batoto iliisha? Na magoti yako, ingali inakusumbua ukipanda ile milima ya Kadutu? Sisi huku tuko, baridi tu njo inatupiga. Bwana yangu Lucien iko muzima, na Gabriella wetu anasoma.

Sasa mi. Usishituke. Unakumbuka ule ugonjwa wa matumbo wa ukoo yetu ulitupata siye bawili, wakatutoa utumbo mukubwa na kutuwekea sashe ya plastiki hapa kwa tumbo, ya kukingia choo. We ukakataa kurudi kwa kisu. Mi nikarudi, wakanishonea mufuko ndani kwa utumbo mudogo, nikaachana na sashe, nikaenda choo sawa batu bote. Ule mufuko ulinitumikia muzuri. Nilikimbia nao vita, nilizaa nao, nilishona nao manguo ya arusi ya nusu ya kambi hii ya wakimbizi.

Tangu mwaka jana umenigeukia. Unavimba, unatoa damu, homa inakuja inaenda. Vidonge vinautuliza, nikivimaliza tu unaanza tena. Nikishuka Lilongwe kununua vitambaa Old Town, najua vyoo vyote vya njia. Pale Area 25 kuna mama mumoja wa duka, Merveille, ananinyooshea ufunguo hata sijamusalimia. Zikomo, asante ya luga ya huku, namwambia nikiwa nimekwisha kupita.

Mwezi uliopita munganga mumoja wa Lilongwe aliniingiza kamera, akanigeuzia ekrani, kile kioo cha kamera, na mi nione. Yaya, nilisahau hata kuona haya. Fikiri, mi mushonaji, natazama mushono wa mutu mwingine ndani ya mwili yangu, na umenyooka kuliko wangu. Nilimuuliza maulizo mpaka akacheka. Kisha akaacha kucheka. Alisema kando ya mufuko kumetoboka, usaha unapita, na dawa haitaweza tena. Anataka kuufunga na kunirudishia sashe, na hii mara haitatoka mpaka kufa.

Njo maana nakuandikia. Ile sashe ya kwanza nilikaa nayo miezi kidogo tu, macho nimefumba, nangojea waitoe. We uko nayo hii miaka yote na mi sikukuulizaka kitu. Na sashe unalalaka namna gani, upande gani? Liputa, kitenge cha kiuno, unafungia juu yake ao chini? Sombe ya majani ya muhogo na maharagi inakubali? Kanisani, batu bote wako kimya kwa maombi, ikitoa sauti unafanya nini, unakohoa? Na zikikosekana kwa farmasi, unajishonea? Ile mi naweza, tayari nimekata mufano mumoja kwa kitambaa, Gabriella akafikiri ni kofia ya mutoto. Lucien naye ana ulizo lake, lakini anaona haya kuniambia. Nimemwambia akuandikie mwenyewe.

Woga niko nao, sitakuficha. Naogopa batu watanihurumia sawa vile siye tulikuhurumia we. Ile huruma tulikupa bure ao uliihitaji? Niambie kweli, hata kama ni mubaya.

Unisalimie jirani yako Mama Elodie, umwambie sauti yake kwa simu ilinipendeza sana. Kaka yetu Byamungu umusalimie pia, na ule mutoto wake mukorofi wa mwisho umuvute sikio kwa ajili yangu.

Na usijisumbue kutafuta ushauri wa kunipa, yaya. Munganga nilikwisha kumwambia ndiyo, watanipasua mwezi wa saba. Mi nataka tu, siku nitaamuka na kuweka mukono kwa tumbo, niwe na maneno yako ya kusoma kabla ya kuanza kulia.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako yote.

Mi mudogo wako, mwenye kukupenda,
Odette