Mungu wa Ngigi

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mume wangu amesikia tena. Safari hii nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Ngigi akasimama mlangoni, macho yamelowa, akasema Bwana ametuagiza tuhame Kitengela. Twende tukakae kwenye ile ploti yetu, kule mbele ya mji wa Kajiado, tuanzishe kanisa.

Nikauliza maji yatatoka wapi. Bwana atatoa. Shule ya Ann? Bwana atafungua mlango. Na duka langu? Akafuta macho, akaomba chai. Kumbe kuna mambo ambayo Bwana hakuyagusia!

Shule zimefungwa juzi tu. Huu ndio mwezi wangu wa kushona yunifomu, wazazi wamejaa dukani, cherehani hazipoi. Na ndio mwezi Mungu ameuchagua.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeomba. Kwa magoti, mlango umefungwa, bila kelele za kujionyesha. Nikasema: Bwana, kama ni wewe, niambie na mimi. Nusu neno linatosha. Kimya. Jirani anagonga msumari ukutani, basi.

Niandike ukweli, maana hakuna mwingine anayesoma hapa. Simchukii Ngigi. Namuonea wivu. Yeye huambiwa hata rangi ya gari la kununua. Mimi mama yangu alipokuwa wodini niliuliza tukubali apasuliwe au tumpeleke nyumbani. Nililia, nikafunga, nikauliza tena. Sikuambiwa kitu. Nikaamua peke yangu, tukampeleka nyumbani, akafa. Halafu mtu ananiambia nijifunze kumtegemea Mungu — kana kwamba sijawahi kujaribu!

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwambia sitoki hapa bila ishara. Nilidhani nimemkamata. Akafurahi! Akampigia Pastor Hillary papo hapo. Wamekubaliana: ngozi, kama ya Gideoni kwenye Biblia. Italazwa kwenye ploti kesho, ilale huko usiku kucha. Asubuhi udongo ukiwa umelowa na ngozi ni kavu, tunahama. Ngozi ikilowa, tunabaki.

Nilifikiri wanasema kwa mfano tu. Jioni hii Ngigi amerudi kutoka Kiserian na ngozi ya kondoo kwenye buti ya gari. Mbichi! Mafuta bado yananing'inia, damu imemwagika kwenye kapeti ya gari. Waithera, msichana ninayeshona naye, ameshika pua, akauliza kama siku hizi tumefungua butchery.

Ngozi kavu, katika mvua za Aprili. Nimempa Mungu wake mtihani mgumu, na nimeufurahia. Anisamehe.

Jumapili, 13 Aprili

Ngozi haiko.

Pastor alikuwa amesema mtu yeyote asikae karibu nayo, isije ikasemekana mkono wa binadamu umehusika. Kwa hiyo Ngigi alilala lodging pale Kajiado mjini. Asubuhi akaenda kutazama. Udongo umelowa, ngozi hakuna. Manyoya machache kwenye miiba na nyayo matopeni. Alinipigia simu nikiwa napiga nguo pasi. Nikamwambia: Ngigi, huyo ni fisi. Umeacha mafuta mabichi porini, ulitegemea nini? Akasema nisilete roho ya kutoamini.

Aliwahi ibada ya pili. Pastor Hillary akamsimamisha mbele. Gideoni aliachiwa ngozi yake, akasema, lakini ya ndugu yetu Bwana ameipokea yote! Makofi. Vigelegele. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikashindwa kujizuia. Mama aliyekaa mbele yangu akageuka, akanishika mkono, akaniambia niache furaha ya Bwana itoke.

Mapatano yalikuwa kavu au imelowa. Habari ya kuliwa haikuwemo.

Jumatano, 16 Aprili

Ann ameniuliza, "Mum, na kama Dad alisikia vibaya, Mungu atamtuma nani akuje atuambie?"

Nimemwambia aendelee kukunja nguo.

Jumatano, 23 Aprili

Ngigi ameacha kazi. Mwenye nyumba ameshaambiwa. Waithera amechukua duka, na cherehani zangu mbili zimebaki pale, kwa sababu kwenye ploti hakuna stima. Akasema kwa aibu, "Auntie, nitakuwa nakuombea." Nilitaka kumrushia mkasi. Mtoto wa watu hana kosa.

Nimejiuliza kwa nini sikatai katakata. Kwa sababu mimi ndiye niliyedai ishara, na kanisa zima linajua. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili inaniuma zaidi: na kama ni kweli? Kama ni Mungu, na mimi nikabaki Kitengela nakata sketi, mwenye hekima peke yangu? Sina hakika kwamba Ngigi hasikii. Nina hakika tu kwamba mimi sisikii.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa leo. Huko Kitengela watoto wamevaa sketi zangu. Wangu mimi yuko hapa ubavuni mwangu ndani ya lori, amevaa gambuti, hana shule.

Naandika haraka. Tumekwama njia panda. Kajiado tumeipita zamani. Njia tunayoijua imekatwa na maji, luga, ule mto unaokauka kiangazi, imejaa, tukazunguka kwa njia ngeni, na sasa hiyo nayo imegawanyika mara mbili. Mvua haikomi. Simu haina network.

Amepita mama mmoja Mmaasai na punda wawili wenye mitungi. "Supa," akatusalimia kwa Kimaasai. Ngigi akajibu, akamuuliza njia. Mama akaonyesha kushoto. Kulia kuna korongo, akasema, juzi lori lilizama hapo hadi leo halijatolewa. Akaenda zake.

Ngigi akamshukuru vizuri sana. Kisha akashuka, akasimama kando kwenye mvua, mikono juu. Amerudi uso unang'aa. Kulia. Bwana amempa amani na njia ya kulia.

Makokha, dereva, akasema, "Boss, lakini huyo mama ndiye anaishi huku."

Nikasema na mimi. Nikamwambia: Baba Ann, na kama yule mama ndiye jibu? Kama Bwana amemtuma yeye na punda wake?

Hakukasirika. Hilo ndilo baya kuliko yote, hakukasirika hata kidogo. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto:

"Bwana angeniambia mimi."

Makokha amezima injini. Hamwangalii Ngigi, ananiangalia mimi. Anauliza, "Mama, unasemaje?" Ann amenishika sweta.

Nasikiliza. Haki ya Mungu, nasikiliza kwa nguvu zangu zote. Mvua kwenye turubai tu.

Ngigi amefumba macho, anatuombea sote safari ya kulia. Amefikia "kwa jina la Yesu." Anangoja niseme amina.