Liste Kwenye Mulango wa Depo

Bunia, Jumatano

Yaya Feza, dada yangu mukubwa,

Nakuamkia weye, na shemeji, na watoto wote. Muko namna gani huko Bukavu? Miguu ya mama ingali inavimba? Unijibu ya kweli, usinifiche juu niko mbali. Miye niko hai na mwili ni muzima. Zaidi ya hiyo sina salamu nzuri.

Uliniuliza kazi ya ukubwa inaniendea namna gani. Nilichelewa kukujibu, na sasa jibu limeharibika.

Unajua walinituma hapa kuongoza projet ya maji: kujengea chemchem tatu, kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Djugu na watu wa mutaa. Walinichagua sababu ya diplome. Kuongoza watu sikujua. Mwanzo nilikuwa nasimama mbele ya wafanyakazi na karatasi mukononi, nasoma kila mutu afanye nini, kisha naenda zangu. Ukuta wa kwanza niliwaharakisha nao, ukapasuka, maji ikapita pembeni. Nikagombeza wamasoni, wale wajengaji. Wakarudi kwenye kazi.

Kulikuwa na mumoja wao, Papa Anselme, mukulima wa Kpandroma anayejua pia kujenga. Alikimbia vita na bibi yake, wakawa wanalala chini ya hema. Alinivuta pembeni, akaniambia pole pole: «Chef, weye unasemaka na karatasi. Sema na siye.»

Nilisikia haya, yaya. Siku ile nilivua viatu nikaingia naye kwenye matope. Alinifundisha kutafuta jicho la maji kwa mukono, kupima muchanga na simenti, kungoja ukuta ukauke. Na mengine alinifundisha bila kusema: kumuuliza mutu habari ya nyumba yake mbele ya kumutuma, na kuacha watu wabishane mupaka wamalize.

Kazi nguvu ilikuwa kwa Mama Furaha. Huyu ni mujane wa Tchomia, kule alikuwa akikausha samaki. Hapa nilitaka aongoze wamama wanaobeba mawe. Lakini bwana yake aliuawa katika vita hii na watu wa upande wa Papa Anselme, wa kabila lake, na hakutaka kusimama naye fasi moja. Nilienda kwake mara tatu. Mara ya kwanza hakunipa hata kiti. Mara ya pili alisema maneno yake yote, nikasikiliza. Mara ya tatu akaniuliza: kama watu wa bunduki wakikuja kututafuta pale kwenye kazi, nani atawajibu? Nikamwambia ni miye nitajibu.

Basi akakuja na wamama wake. Wiki za kwanza yeye na Papa Anselme walipitana bila salamu. Kisha siku moja jiwe likamuponda Papa Anselme kidole, na Mama Furaha akapasua kipande cha kitambaa chake cha kichwa, akamufunga.  Kutoka pale walisalimiana, na maji ya chemchem ya kwanza ilipotoka, walinywa kwa kopo moja.

Nilijivuna. Nilijiona nimejua kazi. Nikaandika liste ya wafanyakazi wote, jina la kila mutu, kijiji alikotoka na kazi yake, nikaibandika kwenye mulango wa depo, mule tunaweka simenti na vyombo, ili kila mumoja aone kama pande zote mbili zinapata kazi sawasawa. Hata wakubwa wangu waliisifu.

Wiki mbili zilizopita muji uliingia mukononi mwa wengine, waasi wa upande wa Mama Furaha. Asubuhi watu wa bunduki wakafika pale kwenye kazi. Nikajiambia, sasa ndiyo saa ya kutumia yote niliyojifunza. Nilimusalimia mukubwa wao, nikamuuliza habari, nikamutafutia kiti, nikasema naye bila kupandisha sauti. Alinisikiliza vizuri, yaya, kuliko wengi walionisikiliza hapa. Akaniambia asante. Kisha akasimama, akaenda kwenye mulango wa depo, akasoma liste akifuata na kidole. Akauliza Anselme ni nani.

Sikujibu. Nilikuwa nimeahidi kujibu, na kinywa kilikataa.

Papa Anselme akaweka mwiko chini.

«Ni miye,» akasema. «Chef ni mugeni, mumuache.»

Walimuchukua pamoja na wengine wawili wa upande wake. Hawakuwafikisha hata kwenye barabara kubwa. Tuliwazika kesho yake. Mama Furaha alileta ndoo ya maji ya kuosha maiti, akaiweka chini, akaondoka. Tangu pale hafiki tena kwenye kazi, na nikipita kwake anageuka.

Nilienda kwa mujane wa Papa Anselme. Alikuwa akichambua maharagi. Aliniuliza jambo moja tu, nani aliandika jina la bwana yake pale mulangoni. Nikamwambia ni miye, na nikamueleza nilifikiri nini. Alinisikiliza mupaka mwisho, kisha akaendelea kuchambua. Sikujua niondoke saa gani.

Wakubwa wanasema nitafute wafanyakazi wengine, niendelee. Maneno ya kuwavuta watu ninayajua sasa, na siwezi tena kuyatia kinywani. Chemchem moja inatoa maji, na wanaochota ni wa upande mumoja tu. Zile zingine mbili ni mashimo. Barabara zimefungwa, na kwenye liste ya ndege inayotoa watu hapa jina langu halijafika. Kila asubuhi naenda kutoa matope peke yangu, na kesho yake yamerudi.

Barua hii nampatia mama mumoja wa parokia aliyepata nafasi ya ndege kwenda Goma. Nisalimie shemeji, bwana yako, na wanafunzi wake. Salimia baba mudogo Kizito anayeimbisha kanisani, na mama mudogo muuza mihogo. Mama umwambie nakula vizuri.

Na Neema, mutoto wako wa kwanza, aliniandikia kama anataka kusoma ili awe mukubwa wa kazi kama mujomba wake. Umuambie achague kitu kingine. Usimueleze sababu.

Ni miye mudogo wako,
Janvier